Mnyama Ndiye Mwenye Ratiba: Uwindaji wa Kitalii katika Safari ya Fungate

Fungate, kwa desturi ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa siku saba za bibi na bwana harusi kukaa ndani wakipikiwa na kuhudumiwa na jamaa, bila kutakiwa na yeyote kutoka wala kushika kazi. Na ijapokuwa siku hizi maharusi wengi huigeuza kuwa safari, wazo lake la msingi, kwamba wawili hao wanastahili muda wao wenyewe kabla majukumu hayajaanza kuwadai, limebaki pale pale. Uwindaji wa kitalii, yaani ule ambao mgeni hulipa ada kwa serikali na kwa kampuni iliyosajiliwa ili aruhusiwe kuwinda wanyama waliotajwa katika leseni yake, ni shughuli ya tabia tofauti kabisa, kwa kuwa huamsha watu alfajiri, huwatembeza juani, huwanyamazisha kwa saa nyingi, na huwaweka wakati wote mbele ya watu wengine. Mambo hayo mawili yanaweza kuunganishwa, na kila msimu wapo wageni wanaokuja Tanzania kuyaunganisha, lakini muungano huo hufaulu pale tu mipango inapoanza na swali ambalo safari nyingine za fungate hazina haja ya kuliuliza: ni mnyama gani atakayewindwa, na je, wote wawili wanamtaka? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua idadi ya siku, kiasi cha fedha, aina ya bunduki, mwezi wa kusafiri, hati za kuomba na hata nguo za kufungasha.

Mahali nako huamuliwa na sheria kuliko na matamanio. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na marufuku hiyo ingalipo, jambo linalowashangaza wageni wengi, kwa maana sifa ya safari za uwindaji ulimwenguni ilijengwa kwa sehemu kubwa katika ardhi ya Kenya ya wakati wa ukoloni. Duke wa York, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, na mkewe Elizabeth, waliofunga ndoa Aprili 1923, walitua Mombasa Desemba 1924 na kupitisha wiki kadhaa wakiwinda huko kabla ya kuendelea Uganda na Sudan, na safari ya aina hiyo ndiyo iliyowatia watu wa tabaka la juu wa Ulaya na Marekani hamu ya kuhesabu pori la Afrika Mashariki kuwa mahali pa wanandoa wapya. Tanzania nayo iliwahi kusitisha uwindaji kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, kisha ikaurudisha chini ya usimamizi wa dola, na leo unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake. Wanaosema wanakwenda kuwinda "Afrika Mashariki" hawana budi, kwa hiyo, kutaja nchi kwanza.

Katika Tanzania, msimamizi wa uwindaji huo ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha TAWA, iliyoanzishwa kisheria mwaka 2014 ili kusimamia wanyama walio nje ya hifadhi za taifa na nje ya eneo la Ngorongoro. Uwindaji hauruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Hufanyika katika mapori ya akiba kama Rungwa, Moyowosi na Maswa, katika mapori tengefu, na katika ardhi ambazo vijiji vimezitenga kwa ajili ya uhifadhi. Maeneo hayo hugawanywa katika vitalu, na kila kitalu hukabidhiwa kampuni moja kwa muda maalumu na kuwekewa mgawo, yaani idadi ya juu ya wanyama wa kila aina wanaoweza kuondolewa kwa mwaka. Mipaka hiyo hubadilika na mpangaji makini huithibitisha upya: Pori la Akiba la Selous, lililokuwa likitajwa katika kila kitabu cha uwindaji, lilipoteza sehemu yake kubwa mwaka 2019 ilipoundwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na maelezo ya zamani yanayowaelekeza wawindaji katika sehemu hiyo yamepitwa na wakati.

Wawindaji hawaingii kitaluni peke yao. Huongozwa na mwindaji bingwa, ambaye ni mtaalamu mwenye leseni anayebeba dhamana ya usalama wao na ya kila risasi inayopigwa. Husindikizwa na askari wa wanyamapori, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kinachowindwa ndicho kilichoandikwa. Na gari moja huweza kubeba pia dereva, wasoma nyayo wawili na mchunaji. Maharusi waliozoea kuwaza fungate kama upweke wa watu wawili ni vyema waelezwe jambo hili mapema, kwamba kuanzia kifungua kinywa hadi magharibi watakuwa kikosi cha watu saba au wanane, na kwamba faragha yao itaanzia pale taa ya hema inapozimwa. Si kasoro, kwani urafiki unaojengeka kati ya wageni na wasoma nyayo ni miongoni mwa mambo yanayokumbukwa kwa muda mrefu, lakini ni hali ambayo hakuna picha ya tangazo inayoionyesha.

Kuhusu mnyama mwenyewe, tofauti kubwa iko kati ya wale wanaosubiriwa na wale wanaofuatwa. Chui ni mfano kamili wa kundi la kwanza. Kwanza hutafutwa chambo, ambacho ni mnyama mwingine aliyewindwa kihalali, na paja lake hufungwa kwenye tawi la mti ulioegama, mahali ambapo chui akisimama ataonekana ubavu ukiwa wazi dhidi ya anga; kisha miti kadhaa ya namna hiyo hukaguliwa kila siku hadi mmoja wapo uonyeshe alama za kucha na nyama iliyoliwa. Hapo hujengwa maficho ya nyasi na matete, yenye matundu mawili ya kuchungulia, na mwindaji huingia humo saa tisa au saa kumi alasiri akae bila kukohoa, bila kujikuna, bila kunong'ona, mpaka giza linapokata mwanga wa kulengea, kwa kuwa sheria hairuhusu kuwinda usiku. Chui anaweza asije kabisa. Kinachoruhusiwa ni dume peke yake, na kutofautisha dume na jike katika dakika kumi za machweo ni kazi inayomtoa jasho hata bingwa wa miaka mingi. Simba huwindwa kwa namna inayofanana, na kwake huongezwa sharti la umri, kwani dume anayelengwa anapaswa awe amefikisha miaka sita, umri unaokadiriwa kwa kutazama wingi wa manyoya ya shingoni, weusi wa pua na makovu ya usoni, ili asiuawe dume kijana ambaye bado ana watoto kundini. Maana dume wa namna hiyo akiondoka, madume wageni huingia na kuwaua watoto wote. Kwa miaka mingi safari ya kuwawinda wanyama hawa imehesabiwa kuwa ya siku 21, na gharama yake hufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani kabla hata mnyama hajaonekana.

Siku 21 za namna hiyo ni nyingi mno kwa ndoa iliyoanza juzi. Maharusi wengi wana likizo ya wiki mbili au tatu tu, na wakiitumia yote katika maficho ya chui watakuwa wamepitisha jioni zao bora wakiwa wamekatazwa kuzungumza. Mnyama anayefaa zaidi ni nyati, pamoja na wanyama wa mbugani kama kongoni, swalapala, ngiri na kuro, ambao kwa kawaida hutoshea katika safari ya siku kumi. Nyati hufuatwa kwa miguu, na kufuata nyayo ni shughuli ambayo hata asiyeshika bunduki huishiriki kikamilifu, kwa sababu kila hatua ina jambo la kuonwa na kuelezwa.

Kazi hiyo huanza saa kumi na moja alfajiri, gari likipita polepole kando ya njia zinazoelekea kwenye maji. Msoma nyayo akiona kwato za usiku huo hushuka, hugusa kingo za alama kwa kidole ili ajue kama umande uliziangukia au la, hubonyeza kinyesi kwa ncha ya kiatu apime kama ndani bado kuna joto, kisha hutoa kifuko kidogo cha kitambaa kilichojazwa majivu laini na kukitikisa mara moja, na vumbi jeupe linalotoka humwonyesha upepo unaelekea wapi. Kifuko hicho kitatikiswa mara nyingi kabla ya mchana, kwa sababu nyati hana macho makali sana lakini pua yake haidanganyiki, na upepo ukigeuka kundi zima huondoka kwa kishindo na kazi ya saa tatu huanza upya. Hapa ndipo linapoingia jambo la maharusi hasa: nguo zilizofukizwa udi, marashi ya harusi na mafuta ya asumini hubaki katika kitambaa na katika nywele kwa siku nyingi, na ni vyema mavazi ya porini yawe yamefuliwa kwa sabuni isiyo na manukato na kufungashwa katika mkoba wa peke yake. Wanapomkaribia mnyama, mara nyingi kwa kutambaa, mwindaji bingwa husimamisha magongo matatu yaliyofungwa pamoja juu, ambayo bunduki huegemezwa, na humtafuta dume mzee ambaye mapembe yake yameungana kipajini na kuwa mfupa mgumu usio na nyama laini katikati, dalili kwamba amekwisha kuzalisha na ameanza kujitenga na kundi.

Sheria inaukinga uwindaji huu usiwe machinjo. Haikubaliki kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari wala ndani ya mita 200 kutoka lilipo gari, wala ndani ya mita 500 za maji ya kudumu au sehemu ya kulamba chumvi, wala ndani ya kilomita moja kutoka mpaka wa hifadhi ya taifa. Kwa wanyama hatari bunduki ya kaliba ya .375, ambayo ni kipimo cha upana wa risasi kwa sehemu za inchi, ndiyo inayochukuliwa kuwa ya chini kabisa, na mshindo wake begani ni mkubwa kiasi kwamba mtu asiyeizoea hufumba macho kabla ya kufyatua. Anayekusudia kuitumia anahitaji miezi ya mazoezi nyumbani kwao, akiwa amesimama na kuegemea magongo, wala si kulala kifudifudi kwenye kiwanja cha shabaha. Na kama miezi iliyotangulia harusi ilikwisha katika vikao vya kamati na michango, uungwana unamtaka aahirishe nyati na kuwinda wanyama wadogo kwa bunduki nyepesi zaidi.

Uzito wa shauri hilo huonekana mnyama anapojeruhiwa. Damu nyekundu yenye povu juu ya majani hueleza kwamba risasi imepita kwenye mapafu na kwamba nyati hatakwenda mbali; damu nzito yenye weusi hueleza habari mbaya zaidi, ya ini au utumbo, na humaanisha saa nyingi za kumfuata katika kichaka ambamo anaweza kuwa amegeuka na kusubiri kwenye nyayo zake mwenyewe. Kumwacha hakuruhusiwi na dhamiri wala na kanuni, na ada yake hulipwa kama ya aliyeuawa hata asipopatikana. Katika hatua hiyo mwindaji bingwa ana haki ya kumwamuru mwenzi asiyewinda arudi garini, pengine hata mwindaji mwenyewe, na wanandoa wanatakiwa wawe wamekubaliana kabla ya kutoka nyumbani kwamba amri hiyo haijadiliwi. Kwa bibi au bwana harusi anayekaa garini na askari mmoja akisikiliza kimya cha kichaka alichoingia mwenziwe, hizo ni dakika nzito kuliko zote za safari, na asiyezitaka ana haki ya kusema hazitaki tangu mwanzo, bila kubezwa.

Mwenzi asiyewinda huandikishwa kama mtazamaji na hulipiwa ada yake ya kila siku, iliyo ndogo kuliko ya mwindaji. Wote wawili wakiwinda, kila mmoja huhitaji leseni yake, ingawa wanaweza kuongozwa na mwindaji bingwa mmoja na kupokezana zamu, mpango ambao kwa fungate unazidi ule wa kila mtu na bingwa wake, kwa sababu huu wa pili huwatenganisha mchana kutwa, kila mmoja na gari lake. Asiyependa kuona damu lakini anapenda pori anaweza kupangiwa siku za kubaki kambini, kuvua samaki mtoni pale sheria na kibali vinapoiruhusu, au kutazama ndege. Na iwapo hataki kabisa, jibu la heri ni kuiacha sehemu ya uwindaji ifanyike wakati mwingine, kwani hakuna ratiba inayoweza kuigeuza chuki kuwa furaha kwa kuongeza chakula cha jioni chenye mishumaa.

Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Mwanzoni nyasi za miombo, yaani misitu mikavu ya miti kama mininga na mitundu inayofunika magharibi na kusini mwa nchi, huwa bado ndefu na huficha wanyama. Agosti na Septemba nyasi zimekauka au kuungua, maji yamepungua na wanyama hukusanyika karibu na mito, huku usiku ukiwa wa baridi inayovumilika. Oktoba joto hupanda sana, na mvua za Novemba na Desemba hufanya njia nyingi zisipitike. Wanaotaka kumalizia Zanzibar hupata katika Agosti na Septemba upatano mzuri, kwani bara ni kavu na visiwani hakuna masika wala vuli, ila wajue kwamba kusi bado inavuma na fukwe za mashariki ya Unguja huwa na upepo na mawimbi, wakati Nungwi na upande wa magharibi hutulia zaidi. Mpangilio huo usigeuzwe. Pori likitangulia, uchovu hupumzishwa baharini. Bahari ikitangulia, watu waliolegea huamshwa alfajiri na kutembezwa kilomita nyingi, na ugomvi wa kwanza wa ndoa huwa karibu.

Mizigo inastahili uangalifu usio wa kawaida. Ndege ndogo zinazoruka kwenda mapori huruhusu takriban kilo 15 kwa abiria, tena katika mikoba laini. Mbung'o, inzi wanyonyaji damu wanaoweza kueneza malale, huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo khaki na kijani kilichofifia ndizo rangi za safari. Mavazi ya mabaka yanayofanana na ya jeshi, ambayo wawindaji wa Marekani huyavaa kwao bila kufikiri, hayaruhusiwi kwa raia nchini Tanzania, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Dawa za kinga ya malaria zichaguliwe na daktari anayeelezwa wazi kwamba wagonjwa wake ni wanandoa wapya, kwa sababu malaria ni hatari zaidi kwa mjamzito na si kila dawa inamfaa. Bunduki, kwa upande wake, huhitaji kibali cha kuingizwa, ukaguzi wa namba zake uwanjani na idhini ya kila shirika la ndege njiani. Maharusi wangepunguza usumbufu mwingi kwa kukodi bunduki ya kampuni, ambayo pia haitawalazimu kutafuta mahali salama pa kuihifadhi watakapovuka kwenda visiwani.

Kwa wanandoa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa wageni wa Ghuba na wenyeji wa pwani, nyama nayo ina mpango wake. Fikihi huruhusu windo lililopigwa kwa kutajwa jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na linalokutwa hai huchinjwa. Ngiri, akiwa jamii ya nguruwe, haliwi. Wasoma nyayo wengi ni Waislamu na hukimbilia kuchinja kabla roho haijatoka, jambo linaloweza kuleta mvutano, kwa kuwa kisu kinachopita kooni huharibu ngozi ya shingo anayeihitaji mtu anayekusudia kukausha kichwa kizima. Suluhisho ni kuamua mapema: wanaoridhika na fuvu na pembe hawapotezi chochote kwa kuchinja, na kambi nzima, pamoja na kijiji kinachopelekewa sehemu ya nyama, itakula bila shaka moyoni.

Nyara, neno linalojumuisha pembe, fuvu, ngozi na meno yanayohifadhiwa baada ya uwindaji, hazirudi na maharusi. Huchunwa, hutiwa chumvi, hukaushwa, hukaguliwa na kuombewa hati za kutoka nchini, na safari hiyo huchukua miezi. Chui na tembo wa Tanzania wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo nchi ya mwindaji lazima itoe kibali cha kuingiza kabla Tanzania haijatoa cha kusafirisha; simba yumo katika Kiambatisho cha Pili, na nchi mbalimbali zimeweka masharti yao ya ziada, kama Marekani ilivyosimamisha mwaka 2014 uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania. Nyati hana kikwazo hicho cha CITES, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpendelea. Katika hati hizi ndimo linamojificha kosa la kipekee la fungate: bibi harusi akibadilisha jina baada ya ndoa huku leseni, tiketi na maombi ya nyara yakiwa kwa jina la zamani, shehena yake inaweza kukwama bandarini kwa kuwa anayeidai si aliyeandikwa. Hati zote na ziombwe kwa jina lililo katika pasipoti atakayosafiri nayo, na jina jipya lisubiri kuingizwa katika pasipoti hadi pembe zitakapokuwa zimefika.